CHAMA CHA WAFANYAKAZI SI TAWI LETU: MANENO YA KAMATI KWA WANACHAMA WOTE



Haya ni maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa wanachama Jumapili, nje ya ofisi ya tawi. Wengi hamkufika kwa kuwa mlikuwa zamu, ndiyo maana tunayatuma hapa yote kama yalivyosemwa. Aliye karibu na mzee au jirani asiye na simu janja, tunaomba amsomee.

Ndugu zetu, kabla ya kumnyooshea mtu kidole tunaanza na sisi wenyewe, kamati ya tawi.

Mwaka jana akina mama na vijana wa kiwanda kimoja katika kata yetu walitufuata. Shida yao mnaijua. Wanaitwa vibarua, lakini wengine wako mwaka wa nne kwenye mashine ileile. Kila alfajiri wanasimama getini wakisubiri kuitwa majina. Saa za ziada hazilipwi. Mama akijifungua, akirudi anakuta nafasi yake ina mtu. Walikuwa wameamua kufungua tawi la chama cha wafanyakazi, na kwetu waliomba kitu kimoja tu: mahali pa kukutana pasipo na macho ya msimamizi.

Mahali tuliwapa. Lakini tuliwaongezea na mambo ambayo hawakuyaomba. Tulipandisha bendera, tukavaa sare, tukaimba nyimbo zetu, tukaweka meza ya kadi mlangoni. Tukapiga picha na kuzirusha kwenye makundi. Siku ya tatu picha zile zilikuwa mezani kwa meneja. Akasema hawa hawadai haki za kazi, hawa ni wanasiasa. Wenzetu wawili hawakuitwa tena majina getini. Waliobaki wakaogopa hata kuigusa fomu. Na kulikuwa na wa vyama vingine na wasio na chama, nao hawakurudi. Walikuja kutafuta haki, sisi tukawatafutia kadi.

Kibaya zaidi ni hiki. Mtu akiachishwa kazi isivyo halali, ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku hizo zilipita huku sisi tukijadili nani alionekana vizuri kwenye picha. Mmoja ameomba Tume imwongezee muda, bado anasubiri uamuzi. Wa pili amekata tamaa, sasa anauza mihogo ya kukaanga. Tumekwenda nyumbani kwao tukaomba radhi. Leo tunaomba radhi mbele yenu.

Kosa letu lilianzia kwenye neno. Sisi tunasema "chama", na wao wanasema "chama". Neno ni moja lakini nyumba ni mbili. Chama cha siasa kinatafuta kura kwa wote na kushika dola. Chama cha wafanyakazi kinakaa meza moja na mwajiri kuzungumza mshahara, saa, likizo na usalama wa mikono ya watu. Chetu mtu anaingia kwa itikadi. Chao anaingia kwa sababu anafanya kazi pale, basi. Ukizichanganya nyumba hizi, anayeumia ni mfanyakazi.

Nchi yetu imeshapita njia hii. Wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, na mgomo ukasambaa bara kufuata reli ya kati. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana kuwa TFL, katibu mkuu wake akiwa Rashidi Kawawa. TFL na TANU walishirikiana kudai uhuru, lakini kila mmoja alikuwa na uongozi wake. Baada ya uhuru mambo yakabadilika. Yalipotokea maasi ya jeshi Januari 1964, viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, TFL ikavunjwa, na NUTA ikaundwa kwa sheria. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza alikuwa huyohuyo Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza. Sasa jiulizeni: mfanyakazi akigombana na serikali iliyo mwajiri wake, katibu wake angesimama upande gani?

Jibu lilionekana miaka ya mwanzo ya 1970. TANU ilitoa Mwongozo mwaka 1971, na ibara ya 15 ikawataka viongozi waache majivuno na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani hapa Dar es Salaam waliichukua ibara ile wakazima mashine kudai heshima. Migomo ile haikuongozwa na NUTA. Watu walijiongoza wenyewe, kwa sababu chombo kilichotakiwa kuwasemea kilikuwa kimeshamezwa. Ikaja JUWATA, nayo ikiwa jumuiya ya chama tawala. Ni hadi 1991, ilipoundwa OTTU, ndipo njia ya kujitegemea ilipoanza kufunguka, na vyama vya kila sekta vikaja kusimama baadaye.

Kwa hiyo tusiseme waliokosea ni wale wakubwa wa zamani tu. Sisi na bendera yetu moja na meza moja ya kadi tulifanya jambo lilelile kwa kipimo cha kata.

Kuna wanaouliza: basi tujitoe kabisa? Hapana. Wafanyakazi wale ni wapangaji wetu, wateja wa genge letu, wazazi wa watoto wanaosoma na watoto wetu. Mshahara ukichelewa pale kiwandani, muuza mboga hapa mtaani ndiye wa kwanza kujua. Msiba ukitokea, wenzake wa zamu ndio wanaobeba jeneza na kulala matanga. Umoja huo ni wa kweli, tuulinde. Lakini wafanyakazi wenyewe wametuambia wasichokitaka: chama cha wafanyakazi kinachoonekana msibani, kikaonekana tena Mei Mosi kugawa fulana na kofia, halafu siku ya kudai mkataba hakipo. Rambirambi ni jambo jema, ila isiwe mtu anapata kwa chama chake siku ya kufa kuliko alichopata siku zote alizofanya kazi.

Sasa yale ambayo kila mwanachama ayajue, ili akiulizwa na jirani amjibu sawasawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema hivi:

1. Mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kumbagua au kumfukuza kwa sababu hiyo ni kosa.

2. Wanachama wakifika 10 mahali pa kazi, chama kilichosajiliwa kinaweza kufungua tawi hapohapo.

3. Mwajiri anakata ada kwa idhini ya mfanyakazi mwenyewe, kwa fomu ya TUF 6. Asijaziwe mtu fomu asiyoijua.

4. Chama kikipata wengi kati ya wafanyakazi wa kada husika, ndicho kinachozungumza na mwajiri kwa niaba yao. Ndiyo maana kila jina lina uzito, na kila anayetishwa na picha zetu ni hasara kwa wote.

5. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo.

6. Ukiachishwa, hesabu siku 30. Usingoje kikao cha tawi, usimngoje mwenyekiti. Nenda CMA.

Baada ya majadiliano marefu, na wengine wakipinga, mkutano umeazimia haya.

Kwanza, chumba cha ofisi kitatumiwa na wafanyakazi kila Jumapili ya pili. Siku hiyo bendera itashushwa, hakuna sare, hakuna kadi, hakuna picha. Kiongozi wa tawi ataingia akialikwa, akimaliza atatoka.

Pili, mwanachama anayegombea uongozi katika chama cha wafanyakazi agombee kama mfanyakazi. Tawi halitapanga safu ya mtu.

Tatu, tumetenga fedha kidogo ya nauli na kudurufu nyaraka kwa yeyote wa kata hii anayekwenda CMA, awe na kadi yetu, ya wengine au asiwe nayo.

Nne, na hili lilizua kelele. Kuna wanachama wetu walio wasimamizi getini, wanaochukua chochote ili jina la mtu liitwe. Tunawafahamu, na wao wanajua kwamba tunawafahamu. Tunawapa wiki mbili waache, la sivyo waje mbele ya kamati ya maadili. Hatuwezi kusema habari za unyonyaji jukwaani huku mmoja wetu anakula jasho la mama mjamzito saa 11 alfajiri.

Mmoja wetu aliuliza: tukishusha bendera, tutapata nini? Mzee mmoja aliyewahi kuwa kuli bandarini alimjibu kwamba watu hawasahau aliyewafungulia mlango, hata kama hakuandika jina lake juu yake. Sisi tumekubaliana na mzee.

Mwenye swali aje ofisini. Masuala ya kiwandani msiyajadili kwenye kundi hili, na majina ya wafanyakazi msiyaandike humu.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi.