Kabla ya Kikao cha Kwanza: Tunachopaswa Kumwambia Mtu Tunayempeleka kwa Mshauri Nasaha

Mada kwa semina ya walimu walezi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii



Sisi tuliomo humu ndio tunaowaambia watu, "Nenda kamwone mshauri." Tunaandika karatasi ya rufaa, kazi yetu imekwisha. Naamini rufaa ya namna hiyo ni nusu tu. Wapo wanaokwenda mara moja wasirudi tena, si kwa sababu huduma ni mbaya, bali kwa kuwa walikuta jambo wasilolitarajia na hatukuwaandaa.

Mwenye mgogoro wa ndoa amezoea kumwendea mshenga au wazee, binti humwendea somo wake, muumini humwendea shehe au mchungaji. Hao husikiliza, kisha hutoa neno: fanya hili, acha lile. Mshauri nasaha hakati shauri. Atauliza, atanyamaza, atauliza tena wewe mwenyewe unaonaje. Asiyeandaliwa hutoka akilalamika: "Nimekaa saa nzima, hakuniambia kitu!" Isitoshe, wengi wetu huduma hii tuliijulia kwenye upimaji wa VVU: maelezo kabla ya kupima, majibu, maelezo baada ya kupima, basi. Sonona na majonzi ya msiba havimalizwi siku moja. Kikao huchukua kati ya dakika 45 na 60, na mara nyingi watu hukutana kila wiki kwa muda.

Kikao cha kwanza kwa kawaida ni cha kufahamiana na kuwekeana masharti. Sharti kubwa ni siri, na hapa naomba tusiwadanganye watu. Tusiwaambie kwamba hakuna litakalotoka kamwe. Mshauri mwadilifu hutaja mipaka mapema: akiona uhai wa mteja au wa mtu mwingine umo hatarini, au mtoto anadhulumiwa, atalazimika kuwahusisha wengine. Mwanafunzi akiambiwa hivyo mwanzoni, anajua anachokisema na anamwambia nani. Akija kuligundua baadaye, hatatuamini tena, na ana haki. Aulize pia nani husoma faili lake, hasa pale mshauri anapoishi mtaa mmoja na shangazi yake.

Huenda akapewa dodoso. Linalotumika sana ni PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla isizidi 27. Huulizwa juu ya usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona hufai. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, nalo huwatisha watu. Tuwaambie mapema kwamba kila anayejaza huulizwa, na kwamba kulijibu kweli kunamsaidia mshauri kujua uharaka wa jambo. Lakini aliyekwisha kutamka mbele yetu kwamba anataka kujiua hasubiri miadi. Tunafuatana naye hospitali siku hiyohiyo, na haachwi peke yake.

Mfano ninaoupenda wa kusikiliza bila kukata shauri ni wa Zimbabwe. Mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda alianza kuwafunza bibi wa mitaani kuwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati. Mgeni humwaga matatizo yake yote, kisha anachagua moja tu la kuanzia, na pamoja na bibi hupanga hatua anayoiweza. Mpango wa msingi ni vikao 6. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliokaa benchi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Hata bibi hao, wenye umri na heshima ya kuamuru, hufunzwa wasiamuru.

Anayetarajia kupewa dawa naye aelezwe mapema: dawa huandikwa na daktari; mshauri akiona zinahitajika atampeleka mteja kwake.

Jambo moja hatulisemi kabisa: baada ya kikao cha kwanza mtu anaweza kurudi nyumbani mzito kuliko alivyokwenda. Amefukua yaliyofunikwa miaka. Tumshauri siku hiyo asijipangie kazi ngumu, na amweleze mshauri wiki inayofuata. Na ikiwa baada ya vikao kadhaa hajisikii salama na mshauri huyo, anaruhusiwa kumwambia hivyo na kuomba mwingine. Wengi wanaona ni utovu wa adabu, wanaacha kimya kimya. Ndiyo maana napendekeza kila tunayempa rufaa tumwambie tukutane naye tena baada ya kikao cha pili, tumuulize kama atarudi, na kama harudi, kwa nini.