Kiwanja cha Chama: Nani Mwenye Kauli?

 

Wauguzi tuliombwa tuseme kidogo juu ya kiwanja. Wazazi wetu wanakuja kutoka nyumbani, sisi tunakwenda zamu ya masaa 12, nao wanabaki ghorofani na televisheni tangu Novemba hadi Machi. Tunaona presha zikipanda na miguu ikivimba kwa kukaa. Ndiyo maana tunataka ukumbi wetu wenyewe, wenye chumba cha wazee cha mchana, na mahali pa kukutana tukifiwa bila kukodi kwa saa.

Viwanja tulivyoonyeshwa vina anwani ya Hilliard. Anwani hiyo ni ya posta tu. Posta hiyo hiyo inahudumia mji wa Hilliard na pia mashamba ya Brown na Norwich, ambazo ni taunshipu, nje ya mpaka wa mji. Unavuka barabara moja na sheria imebadilika.

Ndani ya mji, baraza la mji ndilo lenye kauli. Miji ya Ohio ilipata uwezo huo katika marekebisho ya katiba ya jimbo ya 1912. Nje ya mji, kauli huweza kuwa ya taunshipu, yenye wadhamini watatu waliochaguliwa, au ya kaunti ya Franklin. Na kaunti haijitwalii: sheria yake ya matumizi ya ardhi hufanya kazi tu katika taunshipu ambako wapiga kura wameikubali. Hapo Wakenya tunachanganyikiwa. Tangu katiba ya 2010 tumezoea kwamba kaunti, zote 47, ndizo serikali iliyo karibu na mwananchi, na upangaji wa ardhi ni kazi yao. Huku kaunti ndiyo ya mbali. (Iko katikati ya Columbus, na kuegesha gari ni kulipa.)

Yuko mwenye kauli wa tatu ambaye hatajwi: mwenye bomba. Hilliard inapata maji yake kutoka Columbus, na tangu miaka ya 1950 Columbus imetumia maji kupanua mipaka yake: ukitaka bomba, jiunge na mji. Jiko la kulisha watu 300 haliendeshwi kwa kisima na shimo la maji taka. Halafu upande wa magharibi kuna mto Big Darby, unaolindwa. Mwaka 2006 Columbus, Hilliard, kaunti na taunshipu za huko zilikubaliana mpango mmoja wa ujenzi ili mto usiharibiwe. Ploti ya bei nafuu huko huenda isiwe nafuu.

Sisi tungependa kuamuliwa na walio karibu. Mbele ya wadhamini watatu mtu anasimama na kusema, mama yangu ana miaka 80, hana pa kwenda mchana. Lakini jirani naye anasimama, anazungumzia magari na ngoma za Jumamosi usiku, na yeye ndiye mpiga kura wa pale. Hata baraza la wadhamini likibadilisha matumizi ya ardhi kwa ajili yetu, wakazi wana siku 30 za kukusanya saini jambo liende kwenye kura. Kaunti ina wataalamu wa mipango, haimjui jirani wala sisi. Kuna siku hiyo ni faida.

Tena, barua ya kuwaarifu majirani hutumwa kwa wenye nyumba walio kwenye orodha ya kodi ya kaunti. Mpangaji haletewi, na wengi wetu ni wapangaji. Wakibadilisha ardhi ng'ambo ya barabara yako, utaona tingatinga kwanza.

Kwa hiyo tunaomba pesa ya harambee isitoke kabla hatujaiangalia ploti kwenye rekodi za kaunti na kupata jibu la maandishi kutoka kwa ofisi inayohusika. Na mkataba useme wazi: tukinyimwa kibali, pesa inarudi yote.

Wenye nafasi ya kuhudhuria vikao waandike majina kwa katibu, pale karibu na chai. Tunahitaji wanane, na angalau wawili wawe wapiga kura wa hapa.