Saa Yetu Iandikwe na Nani?



Mwanauchumi mmoja ninayemheshimu amekuwa akiwaambia vijana wetu kwamba kuandika programu huria bila malipo ni anasa ya walioshiba. Kijana wa Changamwe, hapa Mombasa, asema, akienda kibarua bandarini Kipevu hurudi jioni na chochote mkononi. Akikesha akirekebisha mfumo endeshi huria wa Linux, asubuhi ana njaa, na waliotajirika ni makampuni ya ng'ambo. Hoja hii imeenea hata walimu wanairudia, kwa hiyo nitaishughulikia kwa urefu.

Upo ukweli ndani yake. Linus Torvalds alipotangaza kazi yake ya Linux Agosti 1991 alikuwa mwanafunzi wa Helsinki mwenye kompyuta yake mwenyewe. Ian Murdock, aliyeanzisha toleo la Linux liitwalo Debian mwaka 1993, naye alikuwa mwanafunzi huko Marekani. Leo sehemu kubwa ya kiini cha Linux huandikwa na watu wenye mishahara. Nasi, kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti kwa bei ya kuumiza. Ndiyo maana diski za Ubuntu, toleo jingine la Linux, zilizotumwa bure kwa posta zilikuwa na thamani kubwa. Yote hayo nayakubali.

Lakini mwenzangu huyu anahesabu ujira akausahau ujuzi. Nendeni kwa wachongaji wa Kikamba hapa Changamwe, kwenye chama chao cha ushirika kilichopo tangu 1963. Kijana huanza kwa kupiga msasa kinyago cha mwingine, na hasemi ameibiwa. Vivyo hivyo, katika mradi wa mfumo endeshi, mgeni hutuma kiraka kidogo cha kuziba hitilafu. Msimamizi hukisoma mstari kwa mstari, hukirudisha akieleza kwa nini hakifai, kisha hukisoma tena kikirekebishwa. Mafunzo ya namna hiyo, ya mtu mmoja na fundi wake, sijayaona yakiuzwa na chuo chochote. Kiraka kikipokewa, jina la mwandishi hubaki katika historia ya msimbo, mbele ya yeyote anayetaka kulithibitisha. Vijana wa mitaa hii wamezunguka na vyeti mpaka bahasha zimechakaa. Cheti huulizwa kimetoka wapi. Kiraka huulizwa kinafanya kazi au hakifanyi.

Dosari ya pili ni kubwa zaidi. Mwanauchumi huyo anadhani tunachokikosa kitauzwa siku moja, nasi tutakinunua.

Ili mwone kosa lake, nawaomba mlisome faili moja dogo ninalolipenda kuliko vitabu vingi. Linaitwa sw_KE, limo ndani ya maktaba ya msingi ya programu huria za GNU, nalo ndilo huiambia kompyuta ya Linux namna Mkenya anayezungumza Kiswahili anavyoandika mambo yake. Jumapili, Jumatatu, mpaka Jumamosi, zimo. Miezi imo. Shilingi ya Kenya imo. Ni maandishi matupu, hata mwanafunzi wa sekondari angeyasoma akaelewa. Fikeni sasa kwenye saa. Mnazikuta nafasi mbili tu za maneno: neno la kabla ya adhuhuri na neno la baada yake. Pa kusema kwamba hesabu yetu huanza alfajiri, na kwamba saa saba ya kompyuta ni saa moja yetu, hapapo. Mwandishi wa faili hakukosea. Umbo alilopewa alijaze halikuwahi kuulizwa swali hilo.

Shangazi yangu wa mtaa wa Magongo alipata ujumbe wa simu wa Kiswahili safi: ndege yake ingeondoka saa 1:00 asubuhi. Alifika kiwanja cha ndege cha Moi mapema, alfajiri, na mizigo yake. Ndege ilikuwa imekwisha ondoka usiku. Maneno yalitafsiriwa, saa ikaachwa ilivyo.

Maneno tumeshayashughulikia: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika wa Uswidi, ulitupa programu za ofisi za Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004, na Kiswahili cha Tanzania kimo katika LibreOffice hata leo. Nauenzi. Ila ulikuwa hasa mradi wa maneno, nasi tumekaa miongo miwili kana kwamba maneno ndiyo kazi yote.

Wala kupunguza saa sita kwenye saa ya kompyuta hakutoshi. Wazee wa Pwani huanza siku magharibi: usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaofuata Alhamisi mchana. Je, tarehe igeuke jua likizama, au saa sita usiku? Mwanauchumi wetu na atutajie kampuni itakayomlipa mhandisi aulize hilo. Atakayeuliza ni mtu aliyelelewa na saa hiyo, na atauliza kwa kuandika msimbo.

Kazi yenyewe ipo: ni kuibadilisha fanksheni ya lugha ya C iitwayo strftime, inayoandika saa na tarehe. Huenda wasimamizi wakakataa kuigusa, maana programu nyingi zinaitegemea ilivyo. Basi kazi ianzie kwenye saa ya skrini katika programu za eneo-kazi za Linux, GNOME au KDE, ijaribiwe na makuli wa Kipevu na wapokea wageni wa uwanja wa ndege, kisha irudishwe kwa wasimamizi ikiwa na ushahidi.