Jinsi ya Kutaja Wingi wa Watu na Vitu kwa Kiingereza

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nyarugusu)



Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo kwa mbali laonekana dogo, nalo ni jinsi ya kutaja wingi katika barua na taarifa zetu za Kiingereza. Sisi makarani wa Kasulu na Kibondo hupitisha siku zetu tukiandika habari za wingi: wingi wa watu, wa magunia, wa mablanketi, wa maji. Taarifa zetu huenda Kigoma, kisha Dodoma, na nyingine huvuka bahari hata Geneva. Azisomaye huko hakuiona foleni wala ghala; ana neno letu tu. Neno likiwa bovu, shauri litakalokatwa kwa neno hilo litakuwa bovu vile vile.

Yafaa kwanza tujue asili ya makosa yetu. Kiswahili kina shina moja tu la wingi: twasema watu wengi, magunia mengi, maji mengi, unga mwingi. Warundi nao husema «abantu benshi» na «amazi menshi», shina likiwa moja. Hali kadhalika waliosoma Kifaransa huko Kongo hutumia «beaucoup» kwa watu na kwa maji pia. Basi sote tulioketi meza moja hapa Nyarugusu twaingia katika Kiingereza na kapu moja, kumbe Kiingereza kina makapu mawili.

Kapu la kwanza ni la vitu vihesabiwavyo kimoja kimoja. Hivyo hufuata «many», «fewer» na «a large number of». Kapu la pili ni la vitu vipimwavyo kwa kibaba, kwa kilo au kwa lita. Hivyo hufuata «much», «less», «a large amount of» na «a great deal of». Unga hupimwa, basi andika «a large amount of flour». Magunia ya unga huhesabiwa, basi andika «a large number of bags». Maji ni «much water», lakini ndoo za maji ni «many buckets». Maneno «a lot of» huingia katika makapu yote mawili, walakini ni ya mazungumzo zaidi kuliko ya barua ya serikali.

Sasa nauliza: mwanadamu yumo katika kapu lipi? Kila mmoja wetu atajibu kuwa yumo katika la kwanza. Hata hivyo aghalabu huonekana katika taarifa maneno «a large amount of refugees», au «less people». Mwingereza ayasomapo huona kana kwamba watu wamemiminwa katika debe wakapimwa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hakuna kibaba cha watu. Mtu huhesabiwa, naye ana jina lake, jamaa yake na kadi yake. Andikeni «a large number of refugees» na «fewer people».

Viko pia vitu ambavyo sisi twavihesabu, na Mwingereza havihesabu. Twasema mizigo mingi, vifaa vingi, habari nyingi, mashauri mengi. Yeye husema «luggage», «equipment», «information», «advice», bila herufi «s» mwishoni wala neno «many» mbele yake. Ukitaka kuvihesabu, huna budi kuongeza neno: «twelve pieces of luggage».

Tena angalieni kitenzi. «A number of families have arrived» maana yake jamaa kadhaa wamefika, na kitenzi hufuata jamaa. «The number of families has risen» maana yake hesabu yao imepanda, na kitenzi hufuata hesabu, iliyo moja. Vile vile andika «five hundred blankets» pasipo «s» ukiwa na hesabu yenyewe; «hundreds of blankets» ni pale usipokuwa nayo.

Yako maneno madogo yapoteshayo zaidi ya makubwa. «Few blankets remain» ni malalamiko: yaliyobaki ni machache, hayatoshi. «A few blankets remain» ni faraja: yako kadhaa. «Quite a few» haina maana ya uchache hata kidogo. Ni kama sisi tusemavyo «si haba». Na ukiandika «up to 300 families», umesema wao ni 300 au pungufu. Ikiwa wasiwasi wako ni kwamba huenda wakazidi, andika «at least 300».

Nakuja kwenye tarakimu, maana hapo hasara yaweza kuwa kubwa. Mtu akikutajia kwa mdomo «elfu ishirini na tano», mmoja huandika 25,000 na mwingine 20,005. Ndiyo sababu wengi hupenda kusema «ishirini na tano elfu», nasi tufanye hivyo tusomeanapo hesabu. Alama ya mkato nayo ina hatari yake. Kwa Kiingereza 1,500 ni elfu moja na mia tano. Kwa aliyefundishwa Kifaransa, mkato huo hutenga sehemu za moja, basi kilo 1,500 kwake ni kilo moja na nusu. Karani mwenye busara huandika tarakimu, kisha huirudia kwa maneno. Na juu ya neno «billion»: kwa Waingereza wa zamani lilikuwa milioni mara milioni, mpaka mwaka 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alipolijulisha Bunge kuwa katika hesabu za serikali litakuwa milioni elfu moja. Mfaransa huiita hesabu hiyo «milliard», na «billion» yake ni milioni mara milioni.

Mwisho, nataka kusema juu ya maneno ya maji. Mwaka 2015, Warundi walipokimbia machafuko ya nchi yao, maelfu walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba iliwachukua hata Kigoma, na wengi wakaletwa hapa Nyarugusu, penye kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Huko Kagunga kipindupindu kiliingia kati yao. Katika nyakati kama zile kalamu hukimbilia maneno «flood» na «wave», yaani gharika na wimbi. «Influx» nalo asili yake ni kumiminika ndani, ingawa limekwisha kuzoeleka maofisini.

Mabwana na Mabibi, gharika huzuiwa kwa ukuta, watu huchimbiwa visima na vyoo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi huweka kipimo cha lita 20 za maji kwa kila mtu kwa siku. Ukiandika «10,000 people», fundi wa maji ajua mara moja kuwa zatakiwa lita 200,000 kila siku. Ukiandika «a flood of people», hajui hata lita moja, naye atangoja barua ya pili. Siku ya kungoja ni siku ya kiu, na penye kipindupindu ni siku ya mauti.

Kwa hiyo naomba tushike haya: kwanza hesabu, na tarehe ya hesabu, kama hesabu haijakamilika, andika «about» au «at least» kama ilivyo kweli, neno la wingi lije nyuma yake, kutoka katika kapu lililo lake. Tukifanya hivyo, asomaye mbali atawaona watu kama walivyo, mmoja mmoja.