Kushirikishwa Si Kushiriki: Neno Juu ya Kamati za Misitu za Vijiji

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa umma, Kariakoo, Dar es Salaam)



Nimeombwa niseme machache juu ya kamati za wananchi zinazoongoza kazi ya misitu vijijini. Huenda baadhi yenu mkashangaa kwa nini habari za msitu ziletwe hapa Kariakoo, mahali ambapo hata mti wa kivuli ni wa kutafutwa. Jibu liko nje ya mlango huu. Mbao zilizoezekea nyumba zetu, vitanda na makabati yanayorandwa kule Keko, mkaa unaochemsha supu katika vibanda vya mama lishe kuanzia Msimbazi hadi Gerezani, vyote vilikuwa miti iliyosimama mahali fulani, na mahali hapo aghalabu ni karibu na kijiji chenye mwenyekiti, halmashauri na kamati. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba nchi yetu ilikuwa ikitumia mkaa wa kiasi cha tani milioni moja kwa mwaka, na kwamba karibu nusu ya huo uliteketea katika jiji hili moja. Watafiti waliolinganisha hali ya misitu ya mwaka 1991 na ile ya 2005 waliona kwamba uharibifu ulikuwa umesogea kilomita 120 kutoka Dar es Salaam katika muda wa miaka 14 tu. Basi sisi tulioketi hapa ni wadau wakubwa wa msitu, ingawa wengi wetu hatujapata kuuona.

Na nani anaulinda huko? Bwana Miti mmoja hawezi. Wilaya huwa na maofisa wa misitu wachache, pikipiki moja, na mafuta yanayotegemea robo ya mwaka ya bajeti. Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2015, Tanzania Bara ilikuwa na misitu na mapori ya hekta milioni 48.1, na karibu nusu yake imo katika ardhi ya vijiji. Hapana jeshi la askari wa misitu litakalotosha kuzunguka eneo hilo. Ndiyo maana Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998, kisha Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, ziliweka mlinzi mwingine, yaani kijiji chenyewe kupitia Halmashauri yake na kamati yake ya misitu au ya maliasili.

Hapa naomba tuliangalie neno moja ambalo sisi watumishi hulipenda mno katika taarifa zetu. Tunaandika kwamba wananchi "walishirikishwa". Walimu wa Kiswahili mliomo humu mtakubaliana nami kwamba kitenzi hiki ni cha kutendeshwa. Yuko mtu mwingine anayemfanya mwananchi ashiriki, naye ndiye mwenye jambo, mwananchi anafanyiwa. Anayeshiriki hangoji kuitwa, kwa kuwa shughuli ni yake. Kamati nyingi za misitu zimezaliwa katika kushirikishwa. Mradi umefika, gari limesimama chini ya mwembe, majina kumi na mawili yameandikwa, posho imetolewa, picha imepigwa. Mradi ulipokwisha kamati ikalala, na magogo yakaanza kupita usiku.

Lakini zipo zilizozaliwa kwa njia nyingine, na mfano ninaoupenda ni ule wa Duru-Haitemba, wilayani Babati. Huu ni msitu wa miombo wa kiasi cha hekta 9,000 juu ya vilima vinavyozungukwa na vijiji vinane, Ayasanda na Riroda vikiwamo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikuwa mbioni kuupima ili uwe hifadhi yake. Nia ilikuwa njema, maana msitu ulikuwa unaisha. Hata hivyo wanavijiji walipoona mipaka inapimwa walifahamu jambo moja tu: kwamba wananyang'anywa. Wakafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya akiambiwa shamba lake litachukuliwa kesho, walivuna leo. Msitu ukaharibika upesi kuliko awali, kwa sababu ya mpango wa kuuokoa.

Ndipo wakubwa wa mkoa na wilaya walipofanya uamuzi wa busara, ambao si rahisi kwa ofisi yoyote: waliuacha mpango wao. Mwaka 1994 walikubali vijiji vyenyewe viwe wasimamizi. Kila kijiji kilikubaliana na jirani yake juu ya mpaka, kikaandika kanuni zake, kikachagua kamati na vijana wa doria. Kuchoma mkaa kukakatazwa, kufyeka mashamba ndani ya msitu kukakatazwa, kuokota kuni kavu kukaruhusiwa. Mwaka 1995 kanuni hizo zikawa sheria ndogo kwa kupitishwa na Halmashauri ya Wilaya. Askari wa Serikali wakaondolewa, na miti ikaanza kurudi. Yaliyofanyika Babati, na kule Mgori mkoani Singida, yalitangulia sheria ya 2002 kwa miaka. Sheria ilikuja kuandika kile ambacho wakulima walikuwa wamekwisha kukionyesha. Baadaye wakafuata wa Kiteto na msitu wao wa Suledo, jina lililoundwa kwa kuunganisha Sunya, Lengatei na Dongo.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, sheria imegawa kazi hii katika mafungu mawili, na tofauti yake si ya maneno tu. Fungu la kwanza ni msitu wa hifadhi wa kijiji, ulio katika ardhi ya kijiji. Humo kijiji ndicho chenye mamlaka. Kinapanga uvunaji, kinatoza ada na faini, nazo hubaki kijijini. Fungu la pili ni usimamizi wa pamoja, ambapo msitu ni wa Serikali Kuu au wa Wilaya na kijiji kinatia saini mkataba wa kusaidia kuulinda. Katika fungu hili la pili kamati nyingi zilipewa doria, zikapewa na fyekeo la kusafishia mpaka, lakini swali la mgawanyo wa mapato likabaki bila jibu thabiti kwa miaka mingi. Mkulima aliacha jembe lake siku mbili kwa juma akalinde mti ambao ukiuzwa hajui atapata nini. Tunamwita mshirika, ilhali kwa hali hiyo amekuwa askari asiye na mshahara.

Kisha tunauliza kwa nini kamati zimelegea!

Tazameni yaliyotokea kusini. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, njia ya malori ikawa nyeupe hadi Kilwa na Lindi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika wimbi lile la ukataji wa magogo mapato ya umma yaliyopotea yalifikia hadi asilimia 96 ya yale yaliyostahili kukusanywa. Vijiji vilivyokuwa vinaona magogo yakipita vilikuwa na viongozi, hata kamati. Visivyokuwa navyo ni mpango uliopitishwa, nyundo ya kugonga magogo na kitabu cha stakabadhi. Mfanyabiashara alimpa mwanakijiji vijisenti kwa mti mzima, naye akapokea, kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kumkatalia. Wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, baada ya vijiji kama Kikole kupewa mpango na madaraka kamili juu ya mipingo yao, iliona vijiji vikiuza magogo kwa bei ya halali na kuingiza fedha katika hazina ya kijiji.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: kamati ya ushauri isiyoshika daftari la fedha na kalamu ya kuidhinisha haiongozi mradi. Tusiite uongozi kile ambacho ni kuombwa maoni.

Mfano wa karibu zaidi na majiko yetu uko Kilosa. Kuanzia mwaka 2012 vijiji kadhaa vya wilaya hiyo viliingia katika mpango wa mkaa endelevu. Sehemu ya msitu wa kijiji iligawanywa katika vipande vya meta 50 kwa 50 kama ubao wa drafti. Kipande kinavunwa, cha jirani kinaachwa, visiki having'olewi ili vichipue, na mchomaji harudi hapo mpaka imepita miaka 24. Mchomaji alikuwa na leseni ya kijiji, mnunuzi alilipa ada ya kijiji, na Mkutano Mkuu ulikaa kuamua fedha ziende kwenye darasa au zahanati. Hapo mkaa ulikuwa na mwenyewe. Mwaka 2019 zikatolewa kanuni mpya za uvunaji zilizoweka idhini zaidi juu ya kijiji, na biashara ile ikadorora. Sisemi kwamba Serikali haina haki ya kuratibu biashara. Ulanguzi wa mkaa tunaufahamu sote. Nasema kwamba kila saini inayoongezwa juu ya kijiji humpunguzia mwanakijiji sababu ya kuamka usiku kulinda, na mlanguzi haombi saini hata moja.

Yupo atakayesema: pigeni marufuku mkaa, mambo yaishe. Ilijaribiwa mapema mwaka 2006. Marufuku haikudumu, na jiji likaendelea kupika. Tangu Mei 2024 tunao Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema na litupunguzie moshi. Lakini mitungi ya gesi haitauzuia msitu kufyekwa kwa ajili ya ufuta na mahindi. Kinyume chake, msitu usioingizia kijiji chochote ndio wa kwanza kugeuzwa shamba.

Nisizipambe kamati kupita kiasi. Ziko zinazokula faini. Ziko ambazo mwenyekiti ameweka shemeji na mjomba. Liko jambo linaloniudhi kuliko yote: kamati inayomkamata mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, ikamtoza, na usiku ikalifungulia kizuizi lori la mwenye fedha. Dawa yake haimo katika kuivunja kamati na kumrudishia kila kitu ofisa wa wilaya, kwa maana lori lile lilipita hata enzi za ofisa peke yake. Dawa imo katika sheria yetu ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, inayotaka Mkutano wa Kijiji ukutane walau kila miezi mitatu. Kamati isomewe hesabu yake mbele ya waliokamatwa nayo. Mama yule aliyetozwa aulize fedha yake iliandikwa ukurasa gani.

Na hapa nafika kwenu. Sheria ndogo za kijiji hazina nguvu mpaka zipitishwe na Halmashauri ya Wilaya. Kijiji kimekaa, kimebishana siku tatu juu ya mpaka, kimeandika, kimetia muhuri, na jalada limepelekwa makao makuu ya wilaya. Huko linalala. Linasubiri mwanasheria, kisha kikao, kisha limepotea na kijiji kinaombwa nakala. Wakati huo wote kamati haina meno. Ikimkamata mtu, hakimu atamwachia, na atakuwa sahihi. Watumishi wenzangu, katika ukumbi huu wamo waliowahi kushika majalada ya namna hiyo, na wengine watapangiwa wilaya mwakani. Jalada la msitu likikaa mezani msimu mmoja wa kiangazi, linarudi kijijini likiwa linahusu visiki.

Walimu ninyi mna kazi nyingine. Katika vijiji vingi mwalimu ndiye anayeombwa asome ramani, ajumlishe safu za daftari, aandike kumbukumbu za kikao. Msiikatae kazi hiyo, lakini pia msiifanye iwe yenu. Mpango wa msitu mara nyingi huletwa ukiwa kurasa 60 za lugha ya wataalamu, huku ukitakiwa upigiwe kura na watu ambao hawajausoma. Uandikeni upya kwa Kiswahili cha watu, kurasa nne, na hesabu za mapato zibandikwe ukutani mwa ofisi ya kijiji kwa herufi zinazosomeka na mtoto wa darasa la tano, ili naye awasomee wazazi wake.

Nasi wa mjini tuanze na dogo. Shule, hosteli na jiko la ofisi ambalo bado linanunua mkaa kwa magunia lina haki ya kumwuliza muuzaji hati ya kusafirishia na stakabadhi ya kijiji ulikotoka. Wengi watacheka. Wachache wataleta, na hao ndio wa kununua kwao.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Naona wenzetu wa ofisi za halmashauri wameshika kalamu, na nadhani swali lao ni lile la sheria ndogo. Naomba tuanze nalo.