Kompyuta si Kubonyeza Tu
Nasaha kwa kijana anayetaka digrii, na kwa wazazi wake



Ndugu zangu vijana, wazazi wetu waheshimiwa, Ramadhan Karim. Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwezi huu tukiwa wazima. Nimeombwa niseme machache juu ya digrii ya Sayansi ya Kompyuta, kwa sababu matokeo ya KCSE yakitoka tu, hiyo ni kozi ambayo vijana wetu wa Meru na Embu hawaachi kuitaja. Nina jambo moja kubwa la kusema, mengine yatalifuata.

Jambo lenyewe ni hili: digrii ya Sayansi ya Kompyuta si kujifunza kutumia kompyuta. Ni hisabati, na ni subira. Anayeingia bila kulijua hili anaweza kupoteza miaka minne yake, pamoja na pesa za kahawa na majani chai za wazee wake.

Hebu tuelewane. Yako yale masomo ya mjini tunayoita pakeji. Baada ya wiki chache unajua kupiga chapa barua, kupanga hesabu kwenye majedwali na kutuma barua pepe. Ni mazuri, na yana kazi yake. Lakini hayo ni kama kujua kuendesha gari. Chuo kikuu kinataka uijue injini, mpaka uweze kuunda nyingine.

Tuseme chama cha ushirika cha kahawa kina daftari la wakulima 1,000, nambari zao zimepangwa kuanzia ndogo mpaka kubwa. Unamtafuta mkulima mmoja. Ukianza mwanzo ukasoma nambari moja moja, huenda ukazisoma zote 1,000. Sasa fungua katikati. Nambari unayoitaka ni kubwa kuliko hiyo? Basi nusu ya kwanza iache kabisa. Gawa tena nusu iliyobaki, ufanye vilevile. Ukienda hivyo hutazidi hatua 10. Wakulima wakiwa milioni moja, hutazidi hatua 20! Hapo hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Kilichobadilika ni namna ya kufikiri.

Mpangilio wa hatua kama huo huitwa algorithimu. Na neno hilo limetoka wapi? Limetokana na jina la Muislamu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun. Neno aljebra nalo limetoka kwenye jina la kitabu chake. Siwaambii haya ili tujisifu kwa kazi ya waliotangulia. Nawaambia ili kijana anayekimbia hesabu asiseme ati ni elimu ya wengine.

Chukua mfano mwingine. M-Pesa ilianza hapa Kenya Machi 2007. Unamtumia mama shilingi 500: kwako zinatoka, kwake zinaingia. Hizo ni hatua mbili. Je, mtambo ukizima katikati? Zikitoka kwako zisifike kwake, mtu amedhulumiwa. Kwa hivyo programu ya namna hii hujengwa kwa sharti kwamba ama hatua zote mbili zikamilike, au isifanyike hata moja. Unaona? Amana tunayohimizwa msikitini, huyu anaiandika ndani ya mashine. Akizembea, wanaoumia ni watu asiowajua.

Sasa darasani kukoje? Kwa kawaida mwaka wa kwanza ni kuandika programu na hisabati nyingi. Baadaye zinakuja hifadhidata, algorithimu zenyewe, mitandao, na mifumo inayoendesha kompyuta. Kuna kipindi cha mazoezi kazini, na mwishoni kila mwanafunzi anaunda mradi wake. Programu yako itakataa kufanya kazi usiku mzima kwa sababu ya alama moja uliyoisahau. Ndipo utakapojua kwa nini nimetaja subira.

Siku hizi kuna akili mnemba inayoweza kukuandikia zoezi lote kwa dakika moja. Itumie ikueleze usichokielewa, lakini usiikabidhi masomo yako. Chumba cha mtihani utaingia peke yako, na kazini utaulizwa wewe.

Kuhusu mahali pa kusoma, Alhamdulillah, hatuna tena haja ya kudhani lazima uende Nairobi au Juja. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, pale Nchiru, kilianza 2008 kikiwa chini ya JKUAT, na kikapata hati yake 2013. Chuo Kikuu cha Embu kilianza 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kikapata hati 2016. Vyote viwili hufundisha Sayansi ya Kompyuta. Kabla ya kuchagua kozi kwenye KUCCPS, soma masharti ya kila chuo, hasa alama za hisabati na fizikia. Na usichanganye kozi hii na Teknolojia ya Habari; zinakaribiana lakini si moja.

Wazazi wangu, nanyi nina neno. Msimsukume mtoto kwenye kozi hii kwa sababu jina lake linapendeza harusini. Muulizeni, hesabu unaipenda? Akisema ndiyo, mpeni nafasi, awe mvulana au binti. Binti akitatua mafumbo ya hesabu, msimwambie hiyo ni kazi ya wavulana. Kompyuta aliyotumia mtu mwingine, ikiwa nzima, yatosha kuanzia, na mfumo wa Linux hutolewa bure. Na suala la mkopo lizungumzwe mapema. Mkopo wa kawaida wa HELB una nyongeza ya asilimia, na kwa Muislamu hilo ni swali la riba. Kaeni na masheikh, ulizeni HELB kuna njia gani nyingine, tafuteni bursari. Msingoje siku ya kujaza fomu.

Vijana, nawaachia kazi ndogo. Baada ya daku na sala ya Alfajiri, kabla hujarudi kulala, chukua swali moja la hesabu ulilolishindwa darasani. Moja tu. Kaa nalo mpaka likubali. Ukifanya hivyo kila siku, mwezi ukiisha utakuwa na maswali kama 30 yaliyokuwa yakikushinda. Hapo utajua mwenyewe, bila kuuliza mtu, kama kozi hii ni yako.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu, awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.