Maneno ya Kamati Juu ya Kujiweka Tayari kwa Mazishi

Wazee wetu waheshimiwa, na ndugu wanachama wa Likoni, Kisauni na Changamwe,

Tulilopewa kulinena leo ni zito, na wako waonao ya kuwa kutaja kifo ni kukiita. Lakini kifo huja bila kuitwa, na gharama zake humkuta mjane hana kitu mkononi.

Jirani zetu Waislamu watupa mfano mwema. Maiti huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa na kuzikwa upesi, mara nyingi siku ile ile. Na jeneza ni la msikiti, humpeleka mmoja likarudi kumngoja mwingine. Sisi tuliotoka bara, maiti wetu hulala chumba cha maiti siku nyingi, na kila siku yalipiwa. Kisha lataka sanduku, na gari la kwenda zaidi ya kilomita 800 hadi pande za Kisumu, na chakula cha matanga huku na huko. Mchango hupitishwa, upungufu hubaki deni, na deni hilo hulipwa kwa karo ya watoto.

Iko na njia ya kuchoma maiti. Wahindu wa Mombasa waifuata tangu zamani, nasi twaidhani kuwa ni yao peke yao. Hata hivyo Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Anglikana, alipofariki mwaka 2005, alichomwa, kama mkewe kabla yake. Profesa Wangari Maathai, aliyefariki tarehe 25 Septemba 2011, alikuwa ameagiza asitiwe katika sanduku la mbao. Basi likafanywa la mianzi, mafunjo na magugu-maji, naye akachomwa Kariokor, Nairobi. Hatumshurutishi mtu. Kwa Mwislamu jambo hili ni haramu, na wazee wengi wa bara hulichukia. Twasema tu ya kwamba alitakaye na aliseme angali hai.

Na kusema peke yake hakutoshi. Wakili S. M. Otieno alipofariki tarehe 20 Desemba 1986, mkewe Wambui alitaka kumzika Matasia, Ngong, akisema ndiyo nia ya marehemu. Ukoo wa Umira Kager ukataka Nyalgunga, Siaya. Kesi ikafika Mahakama ya Rufani, na maiti akangoja miezi mitano, hata ukoo ukashinda, akazikwa Mei 1987. Kwa hiyo yafaa wasia uandikwe, na mke na wazee wa ukoo wausikie wakiwa pamoja.

Kamati yaomba mchango wa mazishi utolewe kila mwezi, usingoje msiba, nao uwe na daftari lake mbali na fedha nyingine. Kila mwanachama aandike pa kuzikwa, na nani atasimamia. Ibada ya ukumbusho yaweza kufanywa hapa hapa kwa chai na mkate, kwa wale wasioweza kusafiri. Karatasi ziko kwa mwandishi wa chama. Asiyejua kuandika ataandikiwa mbele ya shahidi wake mwenyewe.